Chumba cha Ndoto Kimejaa? Mikumi Bado Ina Nafasi

Wikiendi ya kwenu wawili imeshapangwa. Ruhusa ya kazini imesainiwa, mtoto atalala kwa bibi, gari limefanyiwa sevisi. Picha ya chumba mmeiangalia kwenye simu mpaka mmeikariri: kitanda cha sita kwa sita, neti nyeupe, baraza la mbao linalotazama nyika. Unapiga simu kulipia, na sauti ya upole inakujibu: "Samahani sana dada, hicho kimechukuliwa. Vimebaki vya vitanda viwili vidogo, upande wa nyuma."

Hapo ndipo safari nyingi za wapenzi huharibika, tena kabla hata begi halijafunguliwa. Mmoja ananuna na kusema, "Basi tusiende." Mwingine anajibu haraka, "Aah, chumba chochote tu, si kulala?" Wa kwanza anaona mwenzake hajali. Wa pili anaona mwenzake anadeka. Kufika jioni mnagombana kuhusu chumba, lakini kwa kweli mnagombana kuhusu nani anamsikiliza nani.

Msomaji wangu, mwezi huu twende Mikumi na Kilosa, mkoani Morogoro. Tutaangalia namna ya kuchagua pale ambapo kile mlichokitaka hakipo tena. Ni ujuzi utakaokufaa hata ukirudi mjini.

Hifadhi kubwa, vitanda vichache

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230. Ukitoka Dar es Salaam ni kama kilometa 283 tu, kwa barabara ya lami inayoelekea Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia. Barabara hiyo inaikata hifadhi katikati kwa takriban kilometa 50. Ndiyo maana Mikumi ni mbuga ambayo hata abiria wa basi anaweza kuona twiga na pundamilia akiwa na karanga mkononi.

Ukaribu huo ndio raha yake na ndio tatizo lake. Wakazi wa Dar wanaweza kuamua Jumatano kwamba Ijumaa wanaondoka. Ikifika Pasaka, Idi, Sabasaba, Nanenane au Krismasi, kila mtu ameamua hivyohivyo. Halafu kuna treni ya SGR, iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Sasa hata asiye na gari anafika Morogoro bila kugusa foleni ya Kibaha, na kutoka hapo anabakiwa na kama kilometa mia moja hivi za basi au gari la kukodi.

Vyumba vya ndani ya hifadhi, kwa upande mwingine, havizaliani kama swala. Kuna mabanda ya TANAPA, na kuna loji na kambi za mahema za watu binafsi, kama Vuma Hills na Stanley's Kopje zilizojengwa kwenye miinuko. Chumba chenye mandhari bora kabisa mara nyingi ni kimoja au viwili. Wewe ulikiona kwenye picha, na wengine mia nao walikiona.

Wenzetu wa melini wanafanyaje?

Watu wanaopanda meli kubwa za kitalii, zile zenye maelfu ya abiria, wana tatizo hili kila msimu. Vyumba vya melini huuzwa kwa madaraja. Kuna vya ndani visivyo na dirisha kabisa, kuna vyenye dirisha, kuna vyenye kibaraza chake, na juu kabisa kuna vile vya wenye mshiko. Vya kibaraza vikiisha, mtu huulizwa: utakubali cha ndani kwa bei nafuu, au utalipa zaidi upande daraja? Lipo na chaguo la tatu, unalipia daraja tu na kampuni ndiyo inakuchagulia namba ya chumba. Anayelichukua anakubali kubahatisha. Anaweza kuangukia pazuri, anaweza pia kuwekwa chini ya ukumbi wa disko.

Wazoefu wa safari hizo hawaulizi kwanza, "Kipi kizuri?" Wanajiuliza, "Nitakaa chumbani saa ngapi, nikifanya nini?" Anayeshinda juu kwenye hewa na kurudi usiku kulala tu, chumba kisicho na dirisha hakimuumizi. Mwenye kichefuchefu cha bahari anatafuta chumba cha chini katikati ya meli, kwa sababu hapo meli haiyumbi sana, hata kama kingine kina dirisha zuri.

Usidhani meli na Kilosa havina undugu. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914, ikipitia hapo hapo Kilosa. Meli tunayoiita leo MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya makasha na kusafirishwa kwa reli hiyo hadi Ziwa Tanganyika. Yaani meli nzima, na vyumba vyake, ilipita Kilosa ikiwa ndani ya masanduku!

Treni nazo zina somo lake. Kwa miaka mingi, kwenye mabehewa ya kulala ya TAZARA, daraja la kwanza lilikuwa na vitanda vinne kwa chumba na la pili vitanda sita, na wanaume walitenganishwa na wanawake. Mume na mke waliotaka kulala chumba kimoja iliwabidi walipie chumba kizima, pamoja na vitanda vitakavyobaki vitupu. Kila wanandoa walitakiwa kujibu swali gumu: je, kulala pamoja leo kunastahili bei ya vitanda viwili vya ziada, au tuachane usiku na tukutane kwenye behewa la chakula asubuhi? Hakuna jibu moja. Wapo waliolipa na kufurahi, na wapo walioweka ile hela wakaila Mbeya kwa raha zao.

Fungua kifurushi

Sasa turudi kwenye chumba chetu cha Mikumi. Chumba cha ndoto ni kama kifurushi cha simu. Ndani yake kuna dakika, kuna meseji, kuna intaneti, vyote kwa bei moja. Kinapoisha, unaona kama umekosa kila kitu. Lakini ukikaa chini ukakifungua, utagundua ulikuwa unataka vitu kadhaa tofauti: kuwaona wanyama, kulala kitanda kimoja, kupata ukimya, kuoga maji ya moto, kupiga picha nzuri, kula bila kupika, kutotumia zaidi ya kiasi fulani. Vingi kati ya hivyo bado vipo sokoni, ila havipo tena ndani ya chumba kimoja.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kila mmoja aandike peke yake, bila kuchungulia, kitu kimoja tu ambacho akikikosa safari haina maana kwake. Si vitatu, kimoja. Kisha onyeshaneni. Mtashangaa. Unaweza kukuta mwanaume aliyekuwa anang'ang'ania baraza la mbao kumbe anachotaka ni kuamka saa kumi na moja alfajiri awahi kuona simba. Na mwanamke aliyenuna kuhusu vitanda viwili, kumbe shida yake si kitanda. Mwezi mzima mmekuwa mkipishana mlangoni na alitaka usiku mmoja ambao simu ya ofisi haitaita.

Mkishajua hivyo viwili, vyumba vilivyobaki vinajipanga vyenyewe.

Vilivyobaki vina sura gani?

Kama kitu chenu ni wanyama, basi pigania kulala ndani ya hifadhi, hata kama ni banda la kawaida au hema lenu wenyewe kwenye eneo la kambi. Wanyama huonekana vizuri alfajiri na jioni, na anayelala ndani anakuwa karibu nao saa hizo. Tambarare ya Mkata ndiyo roho ya Mikumi: nyati, tembo, twiga, pundamilia, nyumbu, pofu, na simba ukibahatika. Bwawa la viboko nalo haliko mbali na lango. Kumbuka kitu kimoja: mandhari ya barazani ni ya saa chache, lakini gari linalokupeleka porini ndilo macho yako. Bora chumba cha nyuma na dereva mzoefu kuliko chumba cha mbele na gari bovu.

Kama kitu chenu ni kitanda kimoja kikubwa na starehe, mji mdogo wa Mikumi nje ya hifadhi una hoteli na gesti za kila bei, Tan-Swiss ikiwa mojawapo ya zinazojulikana na wasafiri wa barabara ile. Kutoka mjini hadi lango kuu ni kama nusu saa kwa gari, na njia yenyewe iko ndani ya hifadhi, kwa hiyo utalii unaanza kabla hujalipa kiingilio. Ila endesha polepole. Mwisho ni kilometa 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na ukimgonga mnyama faini yake itakufanya uione bei ya chumba cha ndoto kuwa ndogo sana.

Kama kitu chenu ni ukimya, hapa angalia. Barabara hii ni ya malori ya Zambia, Malawi na Kongo, na malori hayalali. Chumba cha "upande wa nyuma" ulichokidharau kwenye simu ndicho hasa cha kukimbilia ukilala Mikumi mjini. Kinachoitwa cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kitakupa breki za lori mpaka asubuhi.

Na kama kitu chenu ni hela, usione haya kulisema. Lala Morogoro au Mikumi mjini, ingia hifadhini asubuhi lango likifunguliwa, toka jioni. Hakuna simba anayeuliza ulilala wapi.

Kilosa, chumba kisicho na dirisha

Wengi wakikosa Mikumi, Kilosa haiwajii akilini hata kidogo. Mikumi yenyewe imo ndani ya Wilaya ya Kilosa, lakini makao makuu ya wilaya yamebaki kama chumba cha melini kisicho na dirisha: hakipigwi picha, na bei yake ni nafuu.

Rafiki yangu mmoja anafanya kazi Dar, mumewe yuko Dodoma. Ni maisha ya wengi siku hizi, tangu serikali ihamie huko: ndoa ya simu, ya Ijumaa usiku na Jumapili mchana. Walipanga kuadhimisha mwaka wa tatu wa ndoa Mikumi, Ijumaa hadi Jumapili. Wakaambiwa Ijumaa pamejaa kabisa, Jumamosi kipo chumba kimoja tu cha vitanda viwili. Mume akasema waahirishe. Mke akasema yeye haahirishi ndoa. Walipoandikiana kile kitu kimoja, mume aliandika "tembo". Mke aliandika "Ijumaa". Hakujali sana mahali. Alichochoka nacho ni kumpokea mume Ijumaa saa tano usiku akiwa hoi, anakula huku anasinzia, na Jumamosi inaanza na kufua.

Ndipo wakaiangalia ramani. SGR inaunganisha Dar na Dodoma, na Kilosa ina stesheni katikati. Kila mmoja alipanda treni upande wake, wakakutana Kilosa. Si kila treni inasimama hapo, kwa hiyo waliangalia ratiba kwanza ndipo wakakata tiketi. Aliyefika mapema alimsubiri mwenzake stesheni, kama wachumba. Rafiki yangu ananiambia hajawahi kumwona mumewe akitembea haraka vile.

Walilala gesti ya kawaida, kitanda cha nne kwa sita, feni na ndoo ya maji ya moto iliyoletwa mlangoni. Jioni walikula wali na kuku wa kienyeji wakatembea mji. Kilosa ni mji wa reli na mkonge, umekaa chini ya milima, na Mto Mkondoa unapita hapo. Mto huo si wa kuchezea: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha watu wengi bila makazi na kuizoa reli, safari za treni zikasimama. Wenyeji wanakusimulia bila kuulizwa. Ukikaa kwenye benchi la muuza kahawa saa moja unajifunza kitu ambacho baraza la mbao halifundishi: watu wanaanza tena wakiwa na kilichobaki.

Jumamosi walikodi gari kwenda Mikumi kwa barabara inayopita Ulaya. Naam, Ulaya! Ni kata ya Kilosa, na unaweza kumwambia kila mtu kazini kwamba mume wako amekupeleka Ulaya bila viza. Njia hiyo inakwenda sambamba na tawi la reli linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, kwenye mashamba ya miwa, lililofika huko miaka ya 1960. Mvua zikiwa nyingi, uliza hali ya barabara kabla hujatoka. Madereva wa Kilosa watakwambia ukweli.

Tembo waliwaona, tena wengi. Vile vitanda viwili walivisogeza vikagusana. Katikati palibaki mtaro, na huo mtaro wamekuwa wakiucheka mpaka leo.

Kabla hujatuma pesa

Ukiambiwa "kimejaa", usikate simu. Uliza haya.

Kimejaa siku zote, au usiku mmoja tu? Safari ya siku mbili inaweza kugawanywa sehemu mbili, kama walivyofanya hao.

Kuna orodha ya wanaosubiri? Watu hughairi dakika za mwisho. Acha namba yako na upige tena siku mbili kabla.

Vitanda viwili vinasogezwa pamoja, au vimejengewa sakafuni? Swali dogo, lakini linaokoa ndoa.

Chumba kiko umbali gani na jenereta, jiko na barabara? Umeme unazimwa saa ngapi?

Bei ina chakula ndani yake? Kiingilio cha hifadhi ni juu ya nani? Na tukighairi, pesa yetu inarudi kiasi gani?

Halafu angalia kalenda. Juni hadi Oktoba ni kiangazi, nyasi fupi, wanyama wanaonekana kirahisi. Usiku wa Juni na Julai ni baridi, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya kiyoyozi, ulizia blanketi. Kuanzia Novemba joto linapanda, hapo chumba kisicho na feni ni adhabu. Masika, hasa Aprili, nyasi huwa ndefu na baadhi ya njia za ndani hujaa tope. Pasaka mara nyingi huangukia humo. Kwa hiyo ukikosa chumba cha Pasaka na ukapata cha Julai, pengine umepata safari bora zaidi.

Asiamue mtu peke yake

La mwisho ni la ndani. Chumba kikikosekana, kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wa mwenye pochi: anakwenda kukopa kimyakimya apandishe daraja, amfurahishe mwenzake, kisha anakaa barazani akihesabu deni badala ya tembo. Wa pili ni wa mpole: anasema "sawa tu, chochote" huku moyoni si sawa, na ile "sawa" inakuja kulipwa baadaye kwa riba, pengine mbele ya wakwe.

Anayelipa hana kura mbili. Asiyelipa naye hana ruhusa ya kunyamaza halafu alalamike. Semeni kabla ya kutuma pesa, na mkishakubaliana, kile mlichokiacha kisitajwe tena njiani. Hakuna kitu kinachochosha kama kusafiri kilometa 283 na mtu anayesema kila baada ya dakika kumi, "Kile chumba kingine kingekuwa poa zaidi."

Na je, kama kilichobaki hakina kile kitu kimoja cha yeyote kati yenu? Hapo ahirisheni, tena bila kinyongo. Kuahirisha kwa makubaliano ni tofauti kabisa na kususa. Chukueni tarehe nyingine siku hiyohiyo, lipieni kianzio, na wikiendi iliyobaki wazi itumieni vizuri hapo hapo nyumbani, simu zikiwa kabatini. Mtoto si ameshakwenda kwa bibi?